Milango ya Masale: Mzee Shomari Anakabidhi Njia ya Msitu wa Nkoalenga

Jumamosi hii, tarehe 28 Machi 1914, Mzee Shomari bin Juma anamaliza kazi aliyoianza masika ya mwaka 1903. Kwa miaka kumi na mmoja ameitunza njia ya msituni inayoanzia hapa katika kituo chetu cha misheni cha Nkoalenga. Njia hiyo hupita chini ya miringaringa na mikuyu, huvuka vijito viwili, hupanda kilima cha nyasi, kisha huteremka upande wa pili hadi barabara ya kwenda Boma la Arusha. Kituo chetu kimeitangulia kazi yake kwa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo sisi wanafunzi hatujawahi kuijua njia bila Mzee Shomari, wala Mzee Shomari bila panga lake.

Mwalimu Elisaria ameagiza kwamba wasifu huu, utakaosomwa mbele ya wageni, uwe wa kweli na usimpake mtu mafuta. Agizo hilo limekuwa jepesi. Ukimsimulia Mzee Shomari kama alivyo, watu wanakuja wenyewe kusikiliza.

Jambo moja lazima litajwe mapema, kwa sababu kila mtu ameliuliza tangu Krismasi. Nyumba ndogo iliyo mwanzo wa msitu ni ya mtunza njia. Leo inakuwa ya mtunza njia mpya, Loishiye. Je, Mzee Shomari na mkewe, Bibi Siwema, watakwenda wapi? Swali hilo lilitukosesha raha shule nzima, na jibu lake tulilipata Jumamosi iliyopita tu, mbele ya macho yetu. Litakuja mahali pake.

Mzee Shomari alizaliwa upande wa Pangani. Alipokuwa kijana alikuwa mpagazi, na aliipanda njia ya bara akiwa na mzigo kichwani mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Alibeba nguo, chumvi, misumari, na safari moja alibeba kengele. Wazee wetu huku walikuwa na mizigo yao pia, maana ndio waliobeba mawe na chokaa ya kujengea Boma, na hawakuulizwa kama wanapenda. Mzee Shomari husema kwamba watu wa aina hiyo hutambuana kwa shingo, hata kama hawana lugha moja.

Alifika Nkoalenga si kwa kupenda. Funza walikuwa wamemla mguu hata hakuweza kukanyaga, na msafara wake ukamwacha kituoni apone, ukaendelea bila yeye. Bibi Siwema, ambaye siku hizo alikuwa akiuza maandazi karibu na Boma, alikuja kumtazama mumewe, akaona mguu, akasema, "Huyu hatembei tena." Bibi Siwema anatuomba tuandike kwamba aliwahi kukosea mara hiyo moja tu.

Akiwa amekaa kibarazani mguu juu, Shomari aliona jambo lililomshangaza. Bwana Mchungaji na wageni wake walitoka asubuhi na fimbo mikononi, wakaingia msituni, wakarudi jioni na matope hadi magotini, wanacheka. Alimwita mpishi wa kituo.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Hawaendi popote. Wanatembea."

"Wana mzigo?"

"Hawana."

"Wanafukuzwa?"

"Nani awafukuze Wazungu, Shomari?"

Alilifikiria jambo hilo mpaka mguu ulipopona. Siku ya kwanza aliyoweza kukanyaga vizuri, badala ya kuulizia msafara, aliingia msituni mikono mitupu. Hakuwa na mzigo wala mnyapara, na hapakuwa na kambi ya kuwahi. Aliporudi alimwambia mkewe, "Siwema, miguu hii imetembea kwa ajili ya vitu vya watu tangu nilipobalehe. Leo imetembea kwa ajili yangu. Sikujua kama inaweza." Bibi Siwema alimjibu kwamba kama imeweza hilo, iende pia ikachote maji.

Wakati huo kituo kilikuwa kinatafuta mtu wa kufungua njia katika msitu. Wageni walipotea humo, na watoto wa upande wa pili wa msitu, kwa Waarusha, waliotaka kusoma walilazimika kuzunguka chini kwenye tambarare, penye jua kali na nyati. Shomari akaomba kazi. Alipewa panga, jembe na kibali cha kukata kila kitu isipokuwa miti mikubwa.

Sasa inakuja habari ya masale, ambayo wenyeji wote wanaijua lakini wageni wetu wa mbali hawaijui. Masale ni mmea mwembamba wenye majani marefu ya kijani. Wameru huupanda kwa mstari pembeni mwa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na mstari huo ni mpaka. Haupitwi bila ruhusa. Tena jani lake likishikwa mkononi na mtu aliyekosa, maana yake ni kwamba amekuja kuomba msamaha, na kumkatalia ni vibaya sana.

Shomari hakujua hata moja kati ya hayo. Alichojua ni kwamba njia yake ilikuwa na panda nyingi, na kila panda ilihitaji alama. Alisimamisha vigingi, mchwa wakavila. Akapaka mawe chokaa, mvua ikayaosha. Ndipo alipoona vihambani mmea mzuri ambao mbuzi hawauli, jua haliuui, na ukiuchomeka tu wakati wa masika unaota. Akafurahi sana. Asubuhi moja alikata vipande vya kutosha kutoka ukingo wa kihamba kilicho jirani na msitu, akavipanda kwenye kila panda hadi upande wa pili.

Kihamba kile kilikuwa cha Mzee Sifael. Wakati ule alikuwa hajabatizwa bado, na watu walimwogopa kwa ukali wake.

Kilichofuata kilikisumbua kituo kizima. Watoto waliotoka upande wa pili walifika kwenye sale la kwanza, wakasimama, wakageuka, wakarudi kwao. Wanawake waliokwenda kuokota kuni wakafanya vivyo hivyo. Darasa likawa karibu tupu. Bwana Mchungaji alidhani ni homa, akatuma dawa. Kumbe watu wote walikuwa wazima majumbani mwao, wanaheshimu mpaka.

Mpaka wa nani? Hilo ndilo lililokuwa neno sokoni. Mtu mmoja aliyatambua majani yale kuwa ya ukoo wa Sifael, na tangu hapo mzee wa watu hakupata nafasi ya kupumua.

"Sifael, tumesikia umeupima msitu wote."

"Acha tamaa, mzee mwenzetu. Tuachie hata kuni."

"Na mlima je? Au unauchukua wiki ijayo?"

Mzee Sifael hakuelewa wanasema nini mpaka aliporudi nyumbani na kuuona mpaka wake ukiwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno. Alikasirika hata akanyamaza, na wanaomjua walisema kunyamaza kwake ni kubaya zaidi.

Bibi Siwema aliisikia habari yote kutoka kwa wanawake alipokuwa akiuza maandazi. Alirudi mbio akamwambia mumewe, "Umewaibia watu mpaka. Nenda kaombe msamaha, na wamesema uende na jani la masale mkononi. Usiende bila jani." Shomari alitoka hivyo hivyo, na mkono wake ulikuwa bado na udongo. Alipokaribia nyumba ya Sifael akakumbuka kwamba hana jani. Akatazama huku na huku, akaliona sale zuri pale ukingoni, akalikata.

Mzee Sifael alikuwa amesimama nyuma ya migomba, anamtazama.

"Hilo jani umelitoa wapi?"

"Hapo mpakani kwako, baba."

"Umeukata mpaka wangu, ili uje kuniomba msamaha kwa kuukata mpaka wangu."

"Sikuona masale mengine karibu, baba."

Mzee Sifael alijaribu kushika hasira yake, ikamshinda. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani ya migomba, na wakeze wakatoka nje kuona kuna nini, kwa sababu sauti hiyo hawakuizoea. Alipopata pumzi alisema, "Jani nimelipokea. Wewe Mswahili utanimaliza." Tangu siku ile wawili hao wamekuwa marafiki, ingawa ukiwasikiliza wakiongea utadhani wanagombana.

Masale ya msituni hayakung'olewa, maana yalikuwa yameshika mizizi, na kung'oa sale lililoota si jambo la mchezo. Wazee walikaa wakatafuta njia. Neno lililokubaliwa lilitoka kwa Mzee Sifael mwenyewe. Masale yakiwa mstari ni mpaka, na mpaka humwambia mtu asimame. Basi msituni yapandwe mawili mawili, moja kila upande wa njia, kama miimo ya mlango. Yakiwa hivyo yatamwambia mtu apite. Shomari akaanza upya, panda kwa panda, na safari hii alipewa mbegu kwa ruhusa. Ndivyo ilivyopatikana milango tunayoipita kila siku. Mtu anayekuja hapa mara ya kwanza haambiwi zaidi ya neno moja: pita mlangoni, usipite penginepo. Wala hapotei.

Mlango ulipopatikana, walihitajika watoto wa kuupita. Upande wa Waarusha mama Nosim alikuwa na binti aliyetaka kusoma, Simaloi. Shomari alipokwenda kumweleza kwamba njia ni salama, mama Nosim alimtazama kuanzia kofia hadi miguu.

"Mimi simkabidhi mtoto kwa njia," alisema. "Namkabidhi kwa mtu. Wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa njiani, mama."

"Msitu ni mkubwa. Nitajuaje kama amevuka?"

Shomari alikwenda akatafuta pembe ya tandala. Tangu wakati huo, watoto wakiingia mlango wa kwanza, pembe hulia. Wakitoka wa mwisho, hulia tena. Huko kilimani akina mama huacha jembe kidogo, wakasikiliza. Mama Nosim alizoea kusema kwamba pembe ya kwanza humfunga tumbo na ya pili humfungua. Leo Simaloi anafundisha darasa la watoto wadogo hapa shuleni, naye atakuwa amesimama mbele pamoja nasi. Hatujui kama kuna sifa ya mtunza njia inayopita hiyo.

Kazi za Mzee Shomari ni nyingi na nyingine zimejificha chini ya miguu yetu. Kijito cha pili kina daraja la magogo ambalo amelijenga upya kila lilipochukuliwa na maji. Kwenye mteremko wenye utelezi ameweka ngazi za mawe ambazo hata bibi mzee mwenye mtungi anaziamini. Upupu ameufyeka mbali na njia kiasi cha mkono wa mtoto mtundu. Siafu wakihama, husimama penye msafara wao, akawavusha watu mmoja mmoja kwa kuwabeba kama mizigo, na husema siku hizo anajiona kijana tena.

Majina ya mahali ni yake pia. Kuna Kwa Karani, ambako ndege mmoja, hondohondo, hutembea juu ya tawi ameinua kichwa kama mtu aliyetoka kupandishwa cheo. Kuna Nywele za Bibi, ambako kuvu nyeupe huning'inia kwenye miti na mbega hupita ndani yake hata huwezi kujua ipi ni kuvu na upi ni mkia. Kuna Kwa Kuvua Kofia. Hapo tawi nene la mzeituni wa porini limekatiza njia chini kidogo, na kila mtu mrefu lazima ainame. Bwana mmoja mkubwa kutoka mjini aligonga paji lake hapo, akaamuru tawi likatwe.

"Ndiyo, Bwana," alisema Shomari. "Lakini tawi hili ni la mti mkubwa, na mimi nina kibali cha kukata yote isipokuwa miti mikubwa. Bwana akiniandikia kibali kingine nitakata."

Kibali hakikuja, na tawi lipo. Wapagazi hupita hapo wameinama, mabwana hupita wameinama, na Mzee Shomari, ambaye si mrefu, hupita amesimama wima. Amesema hadharani kwamba hiyo ni bahati tu.

Lakini mahali pake apendapo ni kilima cha nyasi katikati ya safari, anapopaita Kwa Kupumua. Msitu unaachana ghafla, na mbele yako kuna dunia. Nyuma ni Meru yenyewe na mawingu mabegani. Upande wa mashariki, asubuhi njema, Kibo inatokea juu kuliko ulivyotegemea kuitafuta, nyeupe, kama kitu kilichowekwa mezani na mtu akasahau kukichukua. Chini ni mashamba ya Usa, na Makumira, na moshi wa majiko, na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Sisi watoto tulipofika hapo mara ya kwanza tulianza kupiga kelele, huyu akionyesha kwao, yule kwao. Mzee Shomari alituinulia kidole. "Tazameni kwanza. Maneno hayatakimbia." Tukatazama. Wengine kati yetu tumezaliwa mlimani hapa na hatukuwahi kuuona mlima wetu mpaka siku ile.

Tangu gari moshi lifike Moshi, wageni wa kutembea wameongezeka. Wanakuja hata kutoka Tanga, nao huuliza njia ya Shomari kabla hawajauliza chakula. Yeye huwapokea wote sawasawa. Huwatazama viatu, akawaambia wavue vile vya kujionyesha, kisha wanaanza.

Hata hivyo magoti ya mtu si chuma. Mwaka jana alianza kukaa kwenye ngazi zake mwenyewe, na kabla ya Krismasi akamwambia Bwana Mchungaji kwamba anaomba kupumzika. Loishiye alichaguliwa kuishika njia. Ni kijana wa upande wa Waarusha, ameoa karibuni, na amefanya kazi na mzee misimu miwili. Mzee anamsifu kwa mkono wake wa panga na kumlaumu kwa pembe, kwa sababu akiipuliza, mbwa wote wa mlimani hujibu.

Basi nyumba ikawa ya Loishiye na mkewe, kama ilivyo haki. Mzee Shomari alisema atashuka Moshi, apande gari moshi, arudi Pangani. Tulipomuuliza nani anamngoja huko, alijibu kwamba kulikuwa na mtoto wa dada yake, lakini hajasikia habari zake tangu zamani. Alilisema hilo akinoa panga, na hakutazama juu.

Kuna jambo jingine, na Bibi Siwema ameturuhusu kuliandika. Pembeni mwa nyumba ile, chini ya mringaringa, pana kaburi dogo la binti yao, Nusura, aliyechukuliwa na ndui alipokuwa anaanza kutembea. Bibi Siwema hulifagia kila Ijumaa. Mwezi uliopita tulimkuta amekunja mikeka na kuifunga kwa kamba, tayari kwa safari, na ufagio ule akauacha nje ya mzigo. Susana wa darasa letu alimuuliza kwa nini haufungi. Alisema, "Huu utafungwa mwisho, mwanangu."

Tulijua kwamba ardhi huku ni ya koo, na mtu asiye na ukoo hana pa kusimamisha nyumba. Penye chemchemi tuliwasikia wazee wakibishana, na wasichana wanaochota maji hawazibi masikio.

"Ni mtu mwema, lakini Mswahili hana ukoo hapa."

"Njia je, si ukoo?"

"Njia haina babu."

"Basi atapewa na nani?"

Mzee Sifael alikuwepo, na hakusema neno. Tulikumbuka jinsi kunyamaza kwake kunavyosemwa kuwa kubaya, tukakata tamaa.

Jumamosi iliyopita yalikuwa matembezi ya mwisho. Shule nzima ilikwenda, na walimu, na Bwana Mchungaji, na mama Nosim aliyekuja makusudi kutoka upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na msitu ulikuwa unadondoka na kung'aa. Bibi Siwema tu ndiye aliyekataa kuja. Alisema ana unga wa kukanda. Tuliona ajabu, mtu anayesafiri kukanda unga mwingi vile, lakini hatukuuliza.

Mzee Shomari alitangulia. Kwa Karani alimwamkia hondohondo. Kwa Kuvua Kofia alisimama pembeni akatutazama tukiinama wote, Bwana Mchungaji naye, akacheka peke yake. Kwa Kupumua Kibo ilitoka mawinguni, na hakuna aliyepiga kelele. Alikaa pale kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Simaloi alimpelekea maji, akayanywa, akamwambia, "Sasa turudi, mwalimu." Hajawahi kumwita Simaloi mwalimu kabla ya siku hiyo.

Tulirudi kwa kijia cha chini, kile kinachopita kati ya kihamba cha Mzee Sifael na nyumba ya mtunza njia. Ni kijia alichokipita kila jioni kwa miaka yote. Ghafla alisimama, nasi tuliokuwa nyuma tukagongana.

Mbele yake, kukatiza kijia, palikuwa na masale mapya. Hayakuwa mawili ya mlango. Yalikuwa mstari. Yalisimama kwenye udongo mbichi, marefu, yamepandwa asubuhi ile ile. Mstari ulitoka ukingo wa migomba, ukapita mbele yetu, ukapinda kuelekea kwenye mringaringa.

Mzee Shomari aliyatazama. Kisha akageuka kwetu na kusema kwa utulivu, "Hapa ni mpaka wa mtu. Haupitwi. Tuzunguke juu." Tulimwona jinsi alivyoumia. Alidhani wenyeji wameifunga njia yake hata kabla hajaondoka.

"Mswahili," ilisema sauti nyuma ya migomba. "Mwaka ule ulipita kwenye mipaka ya watu na panga, hukuuliza. Leo umejifunza adabu, unasimama kwenye mpaka wako mwenyewe?"

Mzee Sifael alitoka akiwa na jembe, na nyuma yake wazee wote wa chemchemi, pamoja na yule aliyesema njia haina babu. Huyo alikuwa na udongo mwingi mikononi kuliko wenzake.

"Wangu?" alisema Mzee Shomari.

"Hiki ni kipande cha ndugu yangu marehemu, hakuacha mtoto. Ukoo umekaa, umekubali. Kinaanza hapa, kinaishia kule nyuma ya mti. Tazama mstari unavyokwenda. Mtoto wenu yuko ndani."

Mzee Shomari alifuata mstari kwa macho yake mpaka kwenye mringaringa. Mstari ulilizunguka kaburi la Nusura kwa mbali, kwa heshima, na pale ndipo alipokuwa amesimama Bibi Siwema, na ufagio mkononi. Alikuwa anajua tangu siku mbili kabla. Desturi hutaka mtu anayepewa ardhi awapelekee wazee mbege, pombe ya ndizi, na kwa kuwa Bibi Siwema na mumewe hawapiki pombe, wazee walikubali maandazi. Ndiyo sababu ya unga ule. Mzee mmoja bado analalamika kwamba amekula mengi na hajalewa.

"Unasema nini sasa?" Mzee Sifael alimuuliza. "Au unataka kwenda kupanda gari moshi lako?"

Mzee Shomari aliinama. Alikata jani moja la sale, moja tu, kutoka kwenye mstari ule mpya, akalishika kwa mikono miwili mbele ya Mzee Sifael.

"Na hilo la nini? Umekosa nini tena?"

"Nimekosa kwa kufikiri kwamba mtaniacha niende, baba."

Mzee Sifael alilipokea jani. Alikohoa, akaanza kufoka kwamba mtu huyu hawezi kuuona mpaka bila kuukata. Loishiye akapuliza pembe. Mbwa wote wa mlimani wakajibu, na safari hii Mzee Shomari hakumlaumu. Huko ng'ambo, mama zetu waliacha majembe, wakajua kwamba kuna mtu amevuka salama.

Mikeka imefunguliwa. Imeanikwa juani tangu Jumapili, na sisi wasichana tumeshapeleka majani ya kuezekea. Ukuta wa nyumba mpya umefika kiunoni, na Loishiye na mkewe wamesema hakuna atakayehama mpaka utakapofika juu.

Mzee wetu Shomari, shule, kituo na wote wanaopita msituni wanakushukuru kwa kila gogo, kila jiwe na kila mlango. Bibi Siwema, tunakushukuru kwa maandazi, na kwa kumkubali mtu anayetoka nyumbani asubuhi bila kujua anakwenda wapi. Mungu awape magoti mepesi, mvua za wakati wake, na jioni ndefu za kukaa kibarazani mkiwatazama wengine wakitembea. Tulikuwa tumejiandaa kuwaambia kwaherini, na tumefurahi kwamba neno hilo halina kazi tena. Jumatatu asubuhi pembe itakapolia, tutapita chini ya kihamba chenu tukielekea shuleni. Tutasimama penye masale, tutasema shikamoo, na tutangoja mwenyeji aitikie.

Anyesi, kwa niaba ya wanafunzi wa Shule ya Nkoalenga